Mzee wa Dirishani

Kiwandani tulimwita Mzee wa Dirishani. Miaka yote aliyokuwa fundi wa rangi hakuiamini taa: kila sufu ilipotoka kwenye pipa la rangi, alikata uzi mmoja, akaupeleka dirishani, akaunyoosha kwenye mwanga. Akiguna, tunafunga madonge ya uzi. Akisonya, pipa zima linarudiwa, na bosi hafungui mdomo. Kucha zake zilishika rangi hata sabuni ikazikatia tamaa.

Siku hizi mapipa yamekauka. Wenye kiwanda wapya walinunua jina tu. Sufu inakuja kwenye makontena ikiwa tayari imetiwa rangi, nasi tumebaki wanne, tunabandika lebo yetu ya zamani, ile yenye kondoo. Yeye hubandika taratibu, kondoo asikae upande, na dirisha ameligeuzia mgongo. Kucha zimetakata, akiongea na mtu huzikunja kiganjani, kama anaona haya. Juzi alikuja mama mmoja na sweta aliloanza kumfumia mumewe kabla hajaugua. Lilikuwa limebakiza mkono mmoja, akataka donge la rangi ileile. Mzee akainuka, akalipeleka sweta dirishani, akalinyoosha, akaguna. Mguno ule sikuwa nimeusikia kwa miaka mitatu. Kisha akampa donge jipya. Mama akalilaza juu ya sweta, akakunja uso: rangi hazikulingana.

“Baba, si kiwanda ni hikihiki? Mbona lebo ni ileile?”

“Rangi ya sweta lako niliipika mimi,” Mzee akasema, akirudi kukaa. “Hilo donge, mama, nimelibandika lebo tu.”