Nilivyokicheka Choo cha Nyumba Yangu

Cheka umalize, ndipo usome. Shule sikukaa, lakini nyumba ya kupangisha pale Buzebazeba nimeijenga kwa kuuza dagaa, na simwombi mtu radhi. Shida ilikuwa moja: wapangaji walihama ovyo, na sasa Mama Zawadi, wa mwisho, naye ameaga kwamba anahama. Nikatafuta mwalimu wa biashara ya nyumba.

Mama Zawadi akaniambia, "Mzee, ingia uani ujionee."

Nikamjibu kwamba mwenye nyumba mwenye heshima zake haingii uani kwenye bafu la kina mama. Kodi napokelea barazani. Tena mpangaji anifundishe nini? Nikamchagua kijana wa semina mjini Kigoma, mwenye suti na video kwenye simu. Nikamlipia na Mama Zawadi kiti, amwone mwalimu anavyokuwa.

Kijana alitaka kila mtu amtumie picha ya nyumba anayoijua. Mimi nikatuma ya mbele, yenye rangi mpya.

Siku ya semina akaonyesha ukutani picha ya uani: choo kinatazamana na jiko, mlango wake gunia. "Hapa mpangaji hakai," akasema. Nilicheka kuliko wote, nikasimama kabisa.

"Mwenye nyumba hii ana akili kweli? Ajitokeze tumwone!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Zawadi akanivuta kanzu, ila sauti hakuipunguza.

"Kaa chini, Mzee. Gunia lile nililitundika mimi, na picha niliituma mimi. Umeshajitokeza."