Kitambaa Chini ya Goti

Mdogo wangu alikuwa analalamika goti. Marehemu mama alitufundisha: goti likiuma, paka mawese ya moto, kisha chana kitenge cha zamani ufunge chini yake, ukaze mpaka maumivu yakose njia ya kushuka. Nikafunga hivyo. Fundo nikaliweka upande wa nje, mara mbili, maana yule ni mbishi, angefungua.

"Dada, unafunga mguu ao mbuzi?"

"Nyamaza. Siku tatu usiguse."

Siku ya tatu tulikuwa tunatoka msibani, hapa hapa Buyenzi, tunapita mbele ya magaraji. Fundi mmoja akaita: "Mama! Kiatu chako kimebaki!" Nikageuka. Kandambili ya mdogo wangu ilikuwa nyuma, hatua kama kumi, na mwenyewe anatembea tu, anaukokota unyayo, migongo ya vidole imechubuka inatoka damu.

"We, hausikii?"

"Kusikia nini?"

Nikajua amepooza.

Hospitali, dokta, binti mdogo kabisa, akamwambia ainue unyayo. Unyayo ukaning'inia vile vile. Akapandisha nguo ya mdogo wangu, akakuta kitambaa changu. Fundo lilikuwa limezama kwenye ngozi.

"Nani alifunga hii?"

Mdogo wangu akatazama ukuta. Nikasema, "Ni mimi."

Dokta hakunigombeza. Alichukua kidole changu akakiweka kwenye mguu wangu mwenyewe, upande wa nje, chini ya goti, pale penye kifupa kama njugu. "Bibi, mshipa wa fahamu unaoinua unyayo unazunguka hapa. Hauna nyama ya kuufunika, ngozi tu. Fundo lako limeubana siku tatu."

"Utarudi?"

"Mara nyingi unarudi, polepole. Lakini siwezi kukuahidi."

Kidole kilibaki pale pale, sikuweza kukitoa. Miaka yote hii! Majirani wote niliowafunga magoti nawakumbuka kwa majina, na mguu gani, wa kulia ao wa kushoto. Kesho yake niliwapitia nyumba kwa nyumba nikiwaambia wafungue, wasifunge tena. Wawili walicheka. Mmoja alikuwa amelifunga goti siku ile ile. Nililifungua mwenyewe.

Sasa kila asubuhi, tukimaliza kuswali, nashika unyayo wa mdogo wangu, namwambia: inua. Wiki nyingi ulikuwa hauinuki. Jana kidole gumba kilicheza. Kidogo tu, lakini kilicheza! Nilipiga kelele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

"Dada, nyamaza," akasema. Kisha akavuta mguu wake. "Na mikono yako iweke mbali na goti langu."