Jiwe Nililopanda Nalo Mlimani

Naona aibu kusimulia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa wanakwaya wa Mwamkulu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuhiji kwenye mlima wenye msalaba kileleni. Desturi ya mlima ule ni kwamba unaokota jiwe chini, unapanda nalo kama mzigo wa dhambi zako, unaliacha msalabani. Nilifika kutoka Sitalike kunapambazuka, nikakuta mlima mzima umejaa watu wanaopanda polepole wakiimba. Mwili ulinisisimka. Nikavua viatu.

Wenzangu waliokota vijiwe vya kushika mkononi. Mimi fundi baiskeli, mwenye mdomo mchafu na hasira za karibu, niliona vijiwe hivyo vingekuwa uongo mbele za Mungu. Kando ya njia palikuwa na mawe makubwa matatu. Moja lilikuwa jeusi tii, nikaona ndilo langu. Nikalitwika kichwani.

Nilipanda nikilia. Watu walinipisha kwa heshima, nami nikazidi kulia. Nililiweka chini ya msalaba, nikapiga magoti, na moyo wangu ukatulia kuliko wakati wowote.

Nikaguswa bega. Alikuwa mama mmoja mwenye sare ya kwaya na mwiko mkononi, anahema.

"Samahani baba, malizia tu sala yako," alininong'oneza. "Lakini hilo ni figa letu. Sufuria ya uji imekosa pa kukaa."

Uso wangu ulikuwa masizi na machozi matupu. Nikalitwika tena. Katika umati ule wote, ni mimi tu niliyeshuka na dhambi zangu kichwani.