Tapeli wa Kilimani

Mnara halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake kazini ndio waliompa, na likamkaa sawasawa, kwanza kwa urefu wake, maana alikuwa haingii mlango wowote bila kuinama, pili kwa kazi yake ya kupanda vilima kutengeneza minara ya simu. Mnara wa kilimani ukizimika, bonde zima linakosa mtandao, naye anatumwa. Anaendesha pikapu mpaka barabara inapokwisha, anaendesha tena pasipo na barabara, kisha anashuka na kutembea, mkoba wa vifaa mgongoni. Sasa fikiria mwenyewe: mnara umekufa, na simu yake inautegemea mnara huohuo. Mtu anayewarudishia wenzake mawasiliano, akiwa kazini hapatikani hata kwa dawa.

Mkewe alilivumilia hilo miaka mingi. Mnara humwita Jirani, kwa kuwa walijuana wakiwa wapangaji wa nyumba moja, mlango kwa mlango, na ndoa haikubadilisha kitu. Hakuwahi kumwita jina jingine. Wanaume wa namna hiyo wapo. Ukiwabana waseme neno tamu, wanaanza kukohoa.

Uvumilivu uliisha siku pikapu iliponasa kwenye tope nyuma ya kilima. Mnara alibaki huko siku mbili akichimba na kusukuma, mzima wa afya, ila njaa tu. Aliporudi nyumbani alikuta sebule imejaa ndugu wanaozungumza kwa sauti ya chini, na shemeji yake, kaka wa Jirani, amesimama dirishani na picha mbili za Mnara mkononi, analinganisha ipi imetoka vizuri.

"Hiyo ya kushoto," Mnara alisema kutoka mlangoni, tope limempanda mpaka kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Jirani aliinuka, akamshika uso kwa mikono miwili kama anayehakikisha, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Kesho yake ndipo alipozungumza, na alikuwa na jambo moja tu.

"Mimi sitakulilia mara ya pili ukiwa hai. Ukienda tena nikakosa neno lako, ukirudi unahamia stoo."

Stoo ya kampuni ilikuwa chumba kisicho na dirisha ambamo mtu hushinda akigawa nyaya na misumari. Mnara aliiogopa stoo kuliko radi. Bosi wake, ambaye Jirani alikuwa amempigia simu na kumpa vidonge vyake, alikubali upesi kampuni inunue kifaa cha kuwasiliana kwa setilaiti. "Nenda dukani ukachague mwenyewe," alisema, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza matairi, limejaa mahema na viatu vya kupandia milima, na harufu ya mpira ikipanda kutoka chini. Muuzaji alikuwa binti mwenye miwani na subira ya kutosha. Alivipanga vifaa juu ya kaunta.

"Hiki kina kioo kikubwa na ramani ya vilima na mito, baba. Hiki kidogo hakina ramani, unakiunganisha na simu yako, unaandika kwenye simu, chenyewe kinatuma. Hiki kina vitufe, unakibonyeza hata ukiwa umevaa glavu. Hiki cha mwisho kinatuma tu, hakipokei."

"Kipi kinashika mtandao zaidi?"

"Vyote vinashika setilaiti. Muhimu ni kuwe wazi juu yako, pasiwe na paa wala miti mingi."

"Na mnara wake uko wapi?"

"Havina mnara, baba."

"Lazima kuwe na mnara," alisema, kama mtu aliyeambiwa hana ukoo.

Kuanzia hapo kichwa kilimzunguka. Chenye ramani alikipenda, ila kinamaliza chaji upesi. Kidogo kinakaa na chaji muda mrefu, lakini simu ikizimika utaandikia wapi? Kipo kinachoonyesha ulipo kila baada ya dakika chache, mtu wa nyumbani akakufuata kwenye ramani hatua kwa hatua. Mnara alivikumbuka vivuli vyote anamojilaza njiani, akakisogeza kifaa hicho pembeni taratibu.

"Na kitufe hiki chenye kifuniko?"

"Cha hatari. Ukikibonyeza, wanaitwa waokoaji walio karibu."

"Kule kilimani aliye karibu ni mimi."

Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Baba, tuanze upya. Unataka wewe ujue uko wapi, au mtu mwingine ajue uko wapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Njia za vilima alizijua kama anavyojua choo cha kwake gizani. Alivigeuza vifaa kimoja kimoja, akavipima uzito, akavirudisha, akavichukua tena. Mwisho akasema ukweli.

"Mimi nataka nisihamishiwe stoo, mwanangu."

Binti alimuuliza zaidi, akaelezwa habari ya tope na picha mbili, akamsogezea chenye vitufe. Kinatuma, kinapokea, hakidai simu. "Kuna ujumbe unaoandikwa kabisa mapema," alisema. "Ukifika unabonyeza mara moja tu, unakwenda. Niandike nini?"

"Kwamba nimefika salama. Unakwenda kwa mke wangu."

Binti aliandika kwenye kompyuta, akitabasamu peke yake. Mnara hakuona alichoandika. Miwani ya kusomea aliiacha nyumbani, kwani haipendi. "Sasa tutoke nje ujaribu, mama apokee wa kwanza," binti alishauri.

"Mwanangu, mimi na mawimbi tunajuana zamani," Mnara alijibu, akashuka ngazi na boksi lake. Mjuaji kapata kifaa.

Jumatatu alipotumwa kilimani alimwambia Jirani, "Nikifika utapata meseji yangu." Jirani akaiweka simu juu ya meza ya cherehani, maana yeye ni fundi nguo, akakaa kuisubiri.

Barabara ilipoishia, Mnara alikitoa kifaa, akakielekeza upande wa nyumbani kwa mazoea ya antena, akakumbuka, akakielekeza juu. Akabonyeza. Kikalia kwamba ujumbe umekwenda. Akasubiri jibu, halikuja. Akapanda mpaka kwenye mwamba, akabonyeza tena, kikalia tena, kimya. Alipofika chini ya mnara akabonyeza mara ya tatu, na alipokwisha kufungua sanduku la nyaya hakuwa amepata hata herufi moja.

Akachanganyikiwa kabisa. Kifaa kinasema kimepeleka. Kama kimepeleka, Jirani yuko wapi? Tangu lini Jirani akose neno? Huyo ni mtu anayekujibu kabla hujaishusha simu. Akaiwaza presha yake. Akauwaza mtungi wa gesi, sakafu ya bafuni inayoteleza. Alijaribu kukaza nati, spana ikamdondoka. Hapo akaiona sebule yake imejaa ndugu, shemeji dirishani na picha mbili, ila picha safari hii hazikuwa zake. Aliogopa Mnara, aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuning'inia juu huko na upepo. Kumbe Jirani aliishi hivi kila alipokuwa safarini, naye akirudi anauliza chakula.

Akafunga sanduku, akaliacha bonde zima bila mtandao, akateremka mbio na kuigeuza pikapu, hata kupiga simu njiani asikumbuke.

Alimkuta barazani kwenye cherehani, pini mdomoni, macho mekundu. Walitazamana. Jirani alitema pini kiganjani.

"Uko mzima!"

"Wewe uko mzima! Kwa nini hujibu?"

"Nijibu nini? Umeniandikia nini wewe?"

"Nimekutumia tangu asubuhi, Jirani! Tatu!"

"Hakuna kitu chako humu. Mwenzio nimekaa roho juu kutwa nzima, na juu ya hayo tapeli ananichezea." Akampa simu. Mnara aliisogeza mbali na macho, akainyoosha mikono mpaka ikaisha, ndipo akasoma. Namba ilikuwa ndefu, isiyo ya nchi yoyote anayoijua. *Mpenzi wangu, nimefika salama. Usiwe na wasiwasi, nakuwaza.* Mara tatu.

"Ya tatu ilipoingia nikamfungia," Jirani alisema. "Si ulinifundisha mwenyewe? Namba ngeni, maneno matamu, usijibu, fungia."

"Ni mimi huyo," Mnara alisema kwa sauti ndogo. "Ni kifaa. Binti wa dukani ndiye aliyeandika."

"Ningejuaje? Mtu kaniita mpenzi, nikajua moja kwa moja si wewe."

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema nyanya zimeisha, na hilo ndilo lililomchoma Mnara. Akakohoa tu.

Alichukua miwani yake ndani, akakaa kwenye ngazi ya baraza na kubonyeza vitufe herufi moja moja. Aliufuta ujumbe wa binti, akaandika wake: *Jirani, nimefika. Niko salama.* Jirani akaifungulia ile namba, akaingia ndani na simu yake. Mnara akatoka mpaka katikati ya ua, pasipo na paa wala mti, akakiinua kifaa juu na kubonyeza. Wakasubiri, kila mtu upande wake. Kisha simu ikalia ndani.

"Imeingia?" aliuliza kwa sauti.

"Imeingia."

"Umejua ni mimi?"

"Nimejua."

"Kwa hiyo stoo siendi?"

Pazia likasogea. Kisha sauti ya Jirani ikatokea dirishani.

"Na yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Yule tapeli. Umempeleka wapi?"

Mnara alisimama katikati ya ua, hajui auweke wapi uso wake. "Nimemfuta," alisema.

"Mrudishe," Jirani alisema. "Kesho upande naye kilimani."

Akarudi barazani, cherehani ikaanza kulia tena, na Mnara akavaa miwani.