Pistoni ya Mzee Robo

Mtaa mzima walimwita Mzee Robo, na jina alijitakia mwenyewe. Miaka thelathini na mbili alikereza vyuma kiwandani kwenye mashine za inchi, na alipostaafu akatoka na inchi zake kichwani. Ukimuuliza mvua imenyesha kiasi gani, ni inchi moja na robo. Akimiminiwa chai, "Robo tatu ya kikombe, mama, usinijazie." Hata kimo cha mkewe alikijua kwa futi na inchi, na ole wako utaje sentimita mbele yake.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Mzee naye alikuwa na stoo ya uani, na ndani yake mashine kuukuu ya kukereza aliyoichukua kiwanda kilipofungwa, jiliwa, tupa za kila aina, na kazi isiyo na faida yoyote ila raha. Alikuwa akitengeneza vijiinjini vya mvuke, vidogo vya kukaa juu ya kigoda, vyenye gurudumu linalozunguka kweli kweli. Havisagi nafaka, havivuti maji. Vinazunguka tu, na mzee anachekelea.

Ugonjwa huo alimwambukiza kitindamimba wake, binti aliyesomea ufundi mitambo na kupata kazi mji mwingine. Mwaka jana wakakata shauri watengeneze injini moja wawili: binti silinda, baba pistoni ya kupanda na kushuka ndani yake. Binti akachora mchoro, akaandika upana: milimita ishirini. Mzee akautazama, akakunja uso. "Ishirini si robo tatu ya inchi tu hiyo," akasema, na robo tatu ndiyo aliyokereza. Lo! Siku ya kuunganisha, pistoni ikapwaya ndani ya silinda kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Mvuke wote ukapita pembeni, na gurudumu halikutikisika hata kidogo.

Wangecheka, yangeisha. Lakini wale wawili vichwa vyao vigumu, na vimefanana. "Milimita zenu ni za watoto wa kompyuta!" mzee akafoka. "Na inchi zako, baba, zilistaafu kabla yako," binti akajibu. Alijuta papo hapo, ila alishasema. Akafunga mkoba wake, akaondoka bila hata kunywa maji.

Ikapita miezi mitano. Binti akawa anampigia mama tu. "Mwambie baba namsalimu." Mama anapaza sauti hadi uani, "Unasalimiwa huku!" Mzee anajibu, "Mwambie nami namsalimu," huku anajifanya anatafuta tupa. Simu yake mwenyewe aliichaji kila asubuhi na kuiweka kwenye rafu mbele ya mashine, mahali pa kuiona. Haikulia. Tusifichane, mzee aliumia. Ziko siku alisimama stoo saa nzima, mashine imezimwa, akiitazama ile simu.

Ndipo siku moja mama akaja na habari: binti anataka wajaribu tena. Mchoro ni uleule. Yeye atakuja na silinda mpya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Mzee akaweka tupa chini. "Safari hii natumia milimita," akasema. "Ila usimwambie. Niapie! Nataka nimwone uso wake."

"Haya, simwambii," akasema mama.

Alidhani ni kazi ya siku mbili. Weee! Akaandika ukutani kwa chaki: inchi moja ni milimita ishirini na tano nukta nne. Akabandika karatasi yenye milimita juu ya alama za inchi za mashine yake. Rula na vipimo vyote vya inchi akavifungia sandukuni, ufunguo akamkabidhi mkewe. "Hata nikikulilia, usinipe." Lakini mkono nao una kumbukumbu zake. Kwenye pistoni ya kwanza kichwa kilisema milimita moja, mkono ukazungusha kwa mazoea ya kiwandani, ikatoka nyembamba. Ya pili vilevile. Mama akaziokota zote mbili, akaenda kuzitumia kukandamizia kitambaa mezani kwake anapokata.

"Ahsante, mzee wangu. Haribu na nyingine mbili basi, kitambaa kina pembe nne."

"Cheka tu," akasema mzee. "Cheka, zamu yangu inakuja."

Ya tatu ilimla wiki nzima. Alikata kiduchu, akapima kwa kalipa mpya ya milimita, akakata kiduchu tena, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Ilipofika ishirini akapima tena baada ya kula, akapima tena kabla ya kuoga. Ishirini. Akaifunga kwenye kitambaa laini kama yai.

"Hivi," mama akamuuliza jioni ile, "hiyo pistoni ikizidi tundu, ndiyo imeharibika?"

"Ikizidi inapunguzwa. Ikipungua, ndiyo basi tena. Kwani vipi?"

"Aa, nimeuliza tu." Akainamia cherehani yake, na mzee hakuona alivyokuwa amebana kicheko.

Jumamosi binti akafika mapema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Wakaenda stoo. Binti akaiweka silinda mezani, mzee akafungua kitambaa chake. Alitaka sana iingie. Alitaka hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika kile chumba. Akaishika pistoni, akaielekeza kwenye tundu, akasukuma.

Ikagota. Haikuingia hata ncha.

"Haiwezekani!" Jasho likamtoka. "Nimepima mara mia! Ishirini kamili!"

Binti akamkodolea macho. "Ishirini nini?"

"Milimita! Si wewe ulichora milimita?"

"Jamani, baba!" Akajishika mdomo. "Mimi nimetoboa robo tatu ya inchi. Nilijua tu wewe utafanya robo tatu. Nimeazima vifaa vya inchi, kazini wamenicheka mwezi mzima!"

Wakatazamana. Kisha mzee akainyakua silinda. "Lete niipanue ifike ishirini. Tunafuata zako."

"Hapana, baba, tupunguze pistoni. Tunafuata zako."

"Nimesema zako!"

"Na mimi nimesema zako!"

Sauti zikapanda kama mwaka jana. Mlangoni mama alikuwa amesimama, futi yake ya kupimia nguo shingoni, kacheka mpaka machozi.

"Ulijua?" wakamgeukia wote wawili.

"Nilijua. Kila mmoja kaniapisha nisimwambie mwenzake, ningefanyaje? Miezi mitano nimebeba salamu zenu, sebuleni uani, uani sebuleni. Nimechoka! Nikasema safari hii mtaambiana wenyewe." Akajifuta macho. "Na acheni kelele. Mteja nguo ikimpwaya namvisha, napunguza, namvisha tena mpaka imkae. Hiyo si imezidi? Si ulisema ikizidi inapunguzwa?"

Basi baba akasimama kwenye mashine, binti akashika silinda. Mzee anakata kiduchu, binti anajaribu. "Bado." Anakata. "Bado kidogo." Hakuna aliyegusa kalipa. Kabla ya chakula cha mchana pistoni ikateleza ndani polepole, ikitoa pumzi. Wakawasha moto chini ya boila ya maji, wakasubiri. Gurudumu likasita, likajigeuza mara moja, kisha likaanza kuzunguka, tiki tiki tiki, na mzee akalia waziwazi mbele ya mkewe na mwanawe, wala hakujali.

Jumatatu asubuhi alikuwa stoo anafagia vumbi la chuma, ile simu ya kwenye rafu ikalia. Aliangusha ufagio.

"Shikamoo, baba. Nataka kuandika kwenye mchoro. Ile pistoni iliishia ngapi? Ulipima?"

"Sijapima," akasema mzee, akavuta kigoda, akakaa vizuri. "Enhe, niambie, umeamkaje?"