Koili za Wilma Hoekzema

Wilma Hoekzema alitutukana kabla hajatukaribisha. Tulikuwa tumeegesha gari juu ya majani yake, mimi na Cleophus Tidwell, naye akatoka gerejini na bisibisi mkononi akiuliza kama kwetu upande wa kaskazini wa mji watu huendesha kwa kupapasa.

"Gari la huyu," Cleophus akasema, akininyooshea kidole bila haya. "Mimi nimeletwa tu."

"Na hiyo maiti sandukuni?"

"Si maiti. Ni gitaa langu la besi."

Kila mwenye gitaa hapa Kalamazoo anamjua Wilma. Aliingia kiwanda cha magitaa akiwa na miaka kumi na tisa, wakamweka kwenye mashine ya koili: waya mwembamba kuliko unywele unazungushwa kwenye kibao maelfu ya mara, sumaku inawekwa chini yake, na kitu hicho kikikaa chini ya nyuzi ndicho kinachozisikia na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kikafungwa. Baadaye aliendesha basi la shule, akazika waume wawili, wa kwanza kwa huzuni na wa pili kwa haraka, kisha akageuza gereji kuwa hospitali ya magitaa. Kupiga gitaa lenyewe hajui hata wimbo mmoja.

Cleophus, tarishi mstaafu, amepiga besi kanisani kwetu miaka arobaini. Besi ni ya mwaka 1967, ya kahawia, ina kitambi kama mwenyewe. Amplifaya yake ya zamani, kubwa kama friji, ilikufa wakati wa Pasaka. Kanisa likamnunulia mpya, ndogo kama kisanduku cha chakula cha mchana. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Dada Vernell anasema nasikika kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani," akamwambia Wilma.

"Dada Vernell ni nani?"

"Kiongozi wa kwaya."

"Mwanamke mwenye masikio. Lete hapa."

Cleophus aliikumbatia besi. "Usiikate. Usiitoboe. Usiipake kitu chochote."

"Nikuletee na kiti cha kulilia?"

Wilma alifungua skrubu nne, akainua kifuniko cha chuma, akachungulia. Kisha akavuta taa karibu, akachungulia tena.

"Imekufa?" Cleophus akauliza.

"Hii nimeisuka mimi."

Alituonyesha nukta ndogo ya rangi ya kucha, ya waridi, mahali waya ulipoanzia. Kila mwanamke pale kiwandani alikuwa na alama yake, ili kazi mbovu ikirudi ijulikane ni ya nani. Alama ya Wilma ilikuwa ile rangi ya kucha.

Cleophus aliangua kicheko mpaka kofia ikamtoka. "Kumbe mchawi wangu ni wewe!"

"Sikiliza, bwana wee!" Mashavu ya Wilma yalikuwa yameiva. "Siku zile amplifaya zilikuwa goigoi, hazikusikii mpaka uzipigie kelele. Msimamizi akatuambia tujaze waya mpaka kibao kitapike. Tukajaza. Humu mna koili mbili, moja nyuma ya nyingine. Sauti inapita ya kwanza yote, halafu ya pili yote, inafika mlangoni imenenepa, inahema. Hizi amplifaya za leo zina masikio ya popo. Ukizifokea hivyo zinakutolea uji."

"Sasa?"

"Sasa nazipanga bega kwa bega, kila moja itoke kwa njia yake. Kelele itapungua, sauti itafunguka. Na hii swichi yako, ambayo naona hujawahi kujua kazi yake..."

"Nilidhani ni pambo."

"...hii nitaifunga ikurudishie mpango wa zamani ukiutaka. Sitoboi kitu."

Mikono yake siku hizi inatetemeka. Aliiegemeza mezani, akazuia pumzi, akagusisha chuma cha kulehemu. Waya ukakatika. Alisema jambo kwa Kiholanzi cha bibi yake, akatuamuru tutazame ukuta. Tukatazama ukuta saa nzima na zaidi, kama wanafunzi walioadhibiwa, mpaka aliposema tayari.

Cleophus akachomeka besi kwenye amplifaya mpya, akapiga. Ikatoka sauti ya mbu ndani ya chupa.

"Wilma, umeniulia mke."

"Nyamaza. Nimegeuza ncha za koili moja. Zimekuwa kama mimi na mume wangu wa pili, anachosema huyu, yule anafuta." Akabadilisha ncha mbili. "Piga."

Safari hii kopo la skrubu lilitembea lenyewe mezani. Ulisikia kidole kikigusa uzi, uzi ukiamka, mlio ukienda mpaka mwisho wake. Cleophus akautazama mkono wake.

"Huu ndio uzi wangu mnene?"

"Ndio huo huo. Hamkuwahi kutambulishwa."

Jumamosi mchana tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Tulipofika ubeti wa tatu, Dada Vernell aliinua mkono, tukanyamaza.

"Kaka Cleophus, hapo umepiga nini?"

"Ninachopiga siku zote."

"Miaka arobaini?"

Niliificha sura yangu nyuma ya kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalinisaliti. Kumbe pale pagumu jamaa alikuwa akipapasa tu, na yale matope ya sauti ya zamani yalimsitiri vizuri, kama theluji inavyositiri takataka za uani. Sasa kila kosa lilisimama wazi na kupunga mkono.

Jumatatu nilimrudisha kwa Wilma. Safari hii niliegesha barabarani.

"Nirudishie matope yangu!" Cleophus akafoka toka mlangoni.

"Swichi unayo. Ibonyeze, ukajifiche."

"Kwaya nzima imenicheka."

"Na mimi nimegundua kwamba kazi yangu yote ya ujana ilikuwa uji. Nani achekwe zaidi?"

Cleophus alisimama akizungusha kofia. Wilma alifuta mikono kwa kitambaa, akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Jumapili mnaanza saa ngapi?"

"Saa tano."

Wiki hiyo Cleophus alifundishwa ubeti wa tatu na Dada Vernell siku tatu mfululizo, midomo kaivuta kama mtoto aliyenyimwa keki. Jumapili Wilma alikuja na jaketi lake la dereva wa basi, akakaa benchi la nyuma, akapewa kipepeo cha karatasi cha kujipepea, ambacho hakukitumia. Ubeti wa tatu ulipofika, Cleophus alikosea noti moja, akazipata nyingine zote. Sakafu ilitetemeka. Nikiwa kwayani nilimwona Wilma akiitazama miguu yake, kisha akaiweka vizuri chini yote miwili.

Baada ya ibada, tukila ukumbini chini, aliniambia kwamba katika miaka kumi na minane hakuwahi kusikia hata moja ya zile besi ikipigwa wimbo mzima. Kila siku kengele ya kiwanda ilipolia, yeye na wenzake walikwenda nyumbani. Alisema hivyo mkate wa mahindi ukiwa mdomoni, macho yamelowa kidogo. Halafu akauliza kwa sauti ya kusikika meza tatu ni nani aliyepika mboga, maana mpishi huyo alikuwa ameimwagia chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani.