Noeli ya Makaratasi Matupu

Mume wangu alikuwa na duka Rubaya, mji wa machimbo katika vilima vya Masisi, kwetu Kivu. Sisi ni watu wa upande wa Butembo. Tulikwenda Masisi ndoa yetu ikiwa bado changa, kwa sababu kaka yake mkubwa alituambia kwamba penye wachimbaji hapakosi mnunuzi. Ilikuwa kweli. Tuliuza chumvi, sabuni, betri za tochi, sigara, biskuti, na mafuta ya mawese yaliyotoka Walikale kwenye madumu ya njano. Nyumba ilikuwa ya mbao kama nyumba nyingi za pale, duka mbele na vyumba viwili nyuma, na baridi ya vile vilima ilipenya kati ya ubao na ubao hata asubuhi ukaamka blanketi ni bichi.

Kila Desemba nilipamba. Niliyajifunza hayo kwa masista waliotufundisha ushonaji nikiwa msichana. Walituonyesha kwamba huhitaji kununua kitu, mradi usione haya kuokota. Karatasi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya sigara, ukiinyoosha kwa mgongo wa kijiko, inang'aa kama kioo. Karatasi za biskuti ni nyekundu na njano. Ukizikata vipande virefu na kupitisha kimoja ndani ya kingine unapata mnyororo wa kuzunguka chumba. Gundi nilipika kwa unga wa muhogo. Nyuzi nilichomoa kwenye magunia. Nyota niliikata kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Kreshi, yaani pango la Mtoto Yesu, niliijenga kwa katoni ya sabuni, kwa hiyo Noeli yetu kila mwaka ilikuwa na harufu ya sabuni.

Tulikuwa na watoto wawili, mvulana aliyekuwa ameanza shule na msichana wa miaka minne. Msichana ndiye aliyekuwa mwenzangu katika kazi hiyo. Wavutaji walikuwa wanafungua pakiti zao palepale dukani na kuacha karatasi juu ya meza, naye alizipitia kama kuku apitiavyo punje. Alikaa sakafuni na kijiko chake, akanyoosha, akizisemesha zile karatasi polepole: lala, lala, usijikunje. Mwaka ule alianza mapema, tangu mvua za Septemba, na alizoziweka chini ya godoro lake zilikuwa zimeshakuwa nyingi.

Mwezi wa Novemba vita vikapanda hadi kwetu. Tulikuwa tumevizoea kwa mbali, kama mtu anavyozoea ngurumo. Siku hiyo risasi zililia asubuhi kwenye kilima cha jirani, na kabla ya jua kukaa juu wapagazi walikuwa wanatupa mizigo yao njiani na kukimbia. Mume wangu alifunga duka kwa kufuli mbili, mimi nikachukua sufuria na nguo, yeye akambeba msichana mgongoni, mvulana akashika kitenge changu, tukafuata watu. Tuliteremka hadi Kirotshe, kando ya ziwa. Mvua ilitunyeshea karibu njia yote.

Kirotshe tuliwekwa katika darasa la shule pamoja na familia nyingine nyingi. Baada ya siku chache msichana akaanza homa, kisha tumbo likamwendesha. Tulimpeleka hospitali. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wamejaa hadi barazani, lakini walimpokea, wakamtundikia maji, wakamshughulikia kama mtoto wao. Alikuwa na kiu sana. Alikufa mchana, nikiwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imefungwa plasta za sindano. Tulimzika kwenye mteremko juu ya ziwa. Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba wa watu, tuliyelala naye darasani alituchongea msalaba kwa ubao wa sanduku. Sikulia. Watu walinitazama wakisubiri, na mimi mwenyewe nilisubiri, lakini hakuna kilichokuja.

Tuliposikia kumetulia, tulirudi Rubaya. Noeli ilikuwa inakaribia. Tulikuta kufuli zote mbili zipo, ila mlango wenyewe umeng'olewa. Ndani hapakuwa na kitu. Watu wenye silaha walikuwa wamelala mle. Rafu walizichanja kuni, wakapikia katikati ya sakafu, na nusu ya meza ya kuuzia ilikuwa imeungua. Godoro la mtoto lilikuwa limekwenda. Kilichobaki ni maganda: katoni zilizopasuliwa, karatasi za biskuti walizokula palepale, pakiti za sigara, maboksi ya betri, makaratasi ya bomboni, zile peremende za watoto, yaliyokanyagwa matopeni. Na kati ya hayo karatasi za fedha, zile zilizonyooshwa.

Mume wangu aliketi nyuma ya ile nusu meza. Alikaa pale siku hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata, akitazama njia. Mtu akipita na kumsalimu aliitikia kwa kichwa. Hakutoka nje ila kwa haja.

Mimi nilichukua ufagio. Nilitaka kufagia tu. Lakini nilipofika kwenye zile karatasi nilishindwa kuzisukumia nje. Niliinama nikaokota moja, nikaifuta matope, nikaipangusa kwenye kitenge. Kisha nyingine. Jioni nilikuwa nimejaza beseni. Kesho yake niliomba unga kidogo kwa jirani nikapika gundi.

"Mama," mume wangu aliniambia siku ya pili, bila kugeuka, "unafanya nini?"

"Napamba."

"Tuko mu matanga na wewe unapamba?"

Niliendelea kukata. Akageuka akautazama mnyororo niliokuwa nimekwisha kuufunga kwenye misumari, mwekundu na njano, pande zote za chumba.

"Ile njo butiki yangu unatundika ku ukuta," alisema, maana yake lile ndilo duka lake.

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa ukali ningejua la kufanya. Nilimwona anatazama karatasi moja baada ya nyingine, na nikajua anazitambua: hizi za katoni ya mwisho iliyotoka Goma, zile za bomboni alizonunua kwa ajili ya sikukuu. Nilitaka kuacha, kweli nilitaka. Lakini nikiacha, mikono yangu ilirudi yenyewe kwenye karatasi.

Habari ilienea. Kiongozi wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya kanisani, mama mzee mwenye heshima zake, alikuja na wenzake wawili. Walikaa kwenye matofali kwa sababu viti havikuwepo. Walisali nasi, wakatupa pole. Kisha mama yule akatazama juu.

"Mama, usikasirike," alisema. "Mama mwenye kufiwa hapambake nyumba. Watu wanauliza kama kichwa yako iko muzuri."

"Kichwa yangu iko muzuri, Mama," nilimjibu. "Ni mikono njo inakataa kutulia."

Akanitazama, akaniwekea mkono begani. Lakini wenzake walipotoka nilisikia mmoja anasema afadhali nipelekwe kwetu Butembo.

Aliyebaki karibu nami ni mwanamke aliyetuuzia maziwa. Familia yake ilikuwa ya wafugaji wa upande wa Kirolirwe. Ng'ombe wao wengi walichukuliwa vita vilipopita kule, na waliobaki waliwapandisha kwenye malisho ya juu yetu. Zamani aliniletea kidumu kila asubuhi. Sasa alikuja na kikombe kimoja tu, hakutaka malipo, akakisukuma mbele ya mwanangu na kusimama mpaka akimalize. Siku alipoona kazi yangu aliweka kikombe kando. Alikaa chini.

"Kwetu ku kanisa hatuwekake sanamu," alisema. "Lakini kusuka najua. Nipatie kazi."

Nilimwomba majani ya kutandika ndani ya kreshi. Kesho yake alileta tita la nyasi ndefu za malishoni, akaketi akasuka mkeka mdogo kama kiganja, kisha kikapu kidogo zaidi, kisha ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mwili wake. Alipomaliza wa kwanza alianza wa pili. Nilijua anawahesabu waliopotea, naye alijua ninamfanyia nani kazi yangu, na tulikaa hivyo asubuhi nzima, tukipokezana makasi. Nyota nilikata kwenye kifuniko nilichokiokota jalalani. Bomboni hazikuwepo, lakini makaratasi yake yalikuwepo. Nikakata vipande vya gunzi la mahindi, nikavifunga kimoja kimoja, nikapinda ncha huku na huku kama zinavyotoka kiwandani, nikavining'iniza kwenye uzi juu ya kreshi. Ukitazama kutoka mlangoni ungeapa ni bomboni.

Siku ya Noeli tulikwenda misani, mimi na mwanangu. Mume wangu alibaki mezani kwake. Tuliporudi nilipika maharagwe na bugali, na watu wachache wakapita kutusalimu, wachimbaji waliokuwa wateja wetu, majirani. Walisimama, wakatazama juu. Mmoja alisema, "Iko muzuri, Mama," akatoka haraka.

Kisha mwanamke wa maziwa akaja na binti yake mdogo, ambaye sikuwahi kumwona. Alikuwa na umri uleule wa binti yangu. Nilimwona na nikageukia jiko. Mama yake alimwambia kwa Kinyarwanda asiguse kitu, mtoto akaitikia, akasimama mbele ya kreshi mikono nyuma, akitazama ng'ombe wa nyasi. Tukaanza kuzungumza sisi wakubwa. Nilipotazama tena, alikuwa amepanda juu ya tofali na kuvuta bomboni moja. Aliifungua taratibu, kwa adabu, akaweka gunzi mdomoni. Akalitoa. Akalitazama. Akavuta ya pili akaifungua, na ya tatu. Hakulia. Alikuja hadi nilipokaa, akaniwekea vile vipande vya gunzi kwenye mapaja.

"Mama, ni bongo," alisema. Kwetu Kivu bongo ni uongo. Alinieleza kwa upole, kama anayeniarifu kwamba muuzaji amenidanganya na bado naweza kwenda kurudisha.

Hapo ndipo kilio kilipokuja. Kilitoka na sauti ambayo mwanangu hakuwahi kuisikia, akakimbilia nje. Mama wa mtoto aliona haya, akainua mkono ampige binti yake. Nikaushika ule mkono, nikaukumbatia, nikalia nao. Nililia kiu ya binti yangu, nililia ule mguu wake mdogo. Nililia na duka pia.

Nilimwona mume wangu ananyanyuka. Alipita katikati yetu, akamwinua yule mtoto aliyekuwa ameduwaa, akatoka naye. Tangu turudi hakuwa amekanyaga barabara. Baadaye jirani alinisimulia: alikwenda mlango kwa mlango kwenye mstari wa maduka, yeye ambaye watu walikuwa wanamwomba, akasimama kwa kila mmoja na mtoto wa watu mkononi, akisema, "Mutusaidie na kitu kitamu kwa mutoto, ni sikukuu." Wengi walikuwa wameporwa kama sisi. Alirudi baada ya muda mrefu. Mtoto alikuwa na mkate mdomoni, na kipande cha muwa mkononi, na viatu vyake, vilivyokuwa vikimponyoka alipobebwa, vilikuwa mfukoni mwa koti la mume wangu.

Wageni walipoondoka nilisimama nikaanza kung'oa mnyororo ukutani.

"Acha," alisema. "Ibakie mpaka Epifania, kama siku zote."

Aliketi, si nyuma ya meza, bali kwenye tofali kando yangu. Aliviringisha karatasi moja kati ya vidole.

"Mama, nilimubeba vibaya?" aliuliza. "Mvua yote ilimunyeshea juu ya mugongo yangu. Ningemufunika na koti. Koti nilikuwa nayo."

"Ulimufunika, Papa."

"Nilimufunika kisha nikachoka nikaivuta."

"Ulimubeba muzuri," nilimwambia. "Alikuwa analala ku mugongo yako. Angesikia vibaya asingelala."

Alifunika uso. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza juu ya binti yetu tangu Kirotshe. Tuliendelea mpaka giza likaingia, tukikumbushana maneno yake, na mwanetu aliporudi akakaa kati yetu na kutaja mengine ambayo sisi hatukuyajua.

Mwezi wa Januari tuliondoka. Tulipata nafasi juu ya lori la magunia hadi Goma, na baadaye tukafika Butembo kwa watu wetu. Mume wangu alianza upya na meza sokoni, akiuza sabuni kwa vipande. Hakupata tena duka lenye mlango wake, wala hakulalamika. Aliishi miaka mingi, akafa kwa ugonjwa wa presha, amezikwa karibu na baba yake. Mwanangu ni dereva, ana watoto. Mwanamke wa maziwa sijui alipoishia. Niliuliza watu waliotoka kule. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine hawakumkumbuka.

Baada ya kumzika mume wangu nilitaka kwenda Kirotshe. Mwanangu alinipeleka wakati njia ilipokuwa na utulivu. Makaburi yalikuwa yameongezeka sana kwenye ule mteremko, hadi karibu na mashamba, na misalaba ya mbao ya wakati wetu ilikuwa imeoza au imechukuliwa kuni. Nilikumbuka kwamba kaburi letu lilikuwa kati ya mti na jiwe. Mti haukuwepo, mawe yalikuwa mengi. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia maharagwe pembeni aliacha jembe, akatusaidia kutafuta. Mwishowe alinionyesha matuta matatu madogo ya udongo, yamekaa pamoja.

"Hawa wote ni batoto ba wakati ule," alisema. "Mmoja wao labda njo wako."

Nilipiga magoti katikati, nikasali rozari kwa wote watatu. Mwanangu alisimama nyuma yangu ameshika kofia. Kisha tukamshukuru yule mama, tukapanda gari, maana mawingu yalikuwa yameshafunika ziwa na barabara ya Sake ikinyeshewa haipitiki.